Nyumba Isiyo na Doa la Mafuta

Kosa langu la kwanza, lile lililozaa mengine yote, lilikuwa kuamini kwamba nyumba safi ni nyumba isiyo na mafuta. Siungami ili nihurumiwe. Anayetaka kuhurumia na aanze na mtoto aliyekuwa akila kwenye sinia langu. Naandika kwa sababu kila nikipita wakati wa magharibi hapa Kilole, mtaani kwetu Korogwe, au nikienda kupima watu nguo kwenye kambi za mkonge za Ngombezi, namwona mtu anapapasa ukuta kwa kiganja huku akisema, "Ni uchovu tu wa kazi." Naujua uchovu huo. Niliukumbatia, nikaukingia kifua, nikamtukana kila aliyetaka kuuita kwa jina lake.

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Nilifumua suruali kuukuu za makarani nikazishona upya, nikafumua tena, mpaka nikajua mfuko unaingiaje na kola inasimamaje. Kusoma nako nilijifundisha hivyo hivyo, kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja unaotangulia magonjwa yake yote: siku zote anaogopa kugunduliwa. Mshono ukipinda kidogo silali. Kifungo kikikaa nje ya mstari nakikata, hata kama mwenye nguo amekwisha kulipa na kushukuru.

Niligunduliwa siku ya kuamkia Idd ya kuchinja. Mchana nilikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda uliotiwa karanga za kutwanga, nikanawa, nikarudi kwenye mashine. Mzee Kombo, mtu mzima wa mtaani kwetu anayependa kutazamwa, alikuja kuchukua kanzu yake nyeupe. Baraza ilikuwa imejaa wanaosubiri zao. Akaikunjua, akaiinua juani, akanionyesha chini ya kola alama ya kidole gumba changu, ya njano, inang'aa.

"Fundi," akasema, "hii kanzu umeishona au umeikaanga?"

Watu walicheka mpaka mmoja akakalia pasi yangu ya mkaa akaruka akipiga kelele, na hapo wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo nikawa "fundi wa kukaanga". Watoto waliniimbia njiani. Mwenye akili angenunua sabuni bora na taulo. Mimi nilirudi nyumbani nikatangaza vita na chungu.

Nilimwambia mke wangu, Mama Zaina, kwamba karanga, ufuta, tui na samli havitaingia tena kwenye chakula cha nyumba ile.

"Na mboga nitapika kwa nini?" akauliza.

"Kwa maji na chumvi."

"Mboga ya maji ni ya mgonjwa, Baba Zaina."

"Basi tutakuwa wagonjwa wasafi," nikamjibu, nikajiona nimesema neno.

Maembe nayo nikayapiga marufuku, kwa kuwa yanatia madoa yasiyotoka. Mapapai yakafuata. Maziwa niliyakubali kwenye chai baada ya kuyaengua malai kwa kijiko. Nyama tulipoipata niliichemsha mwenyewe, nikasimama juu ya sufuria nikikusanya mafuta yaliyoelea, nikayamwaga nyuma ya nyumba. Paka wa jirani aliyajua mapito yangu. Alinenepa, manyoya yakang'aa kama yamepigwa brashi ya viatu. Paka yule hakuwahi kuwa na shida ya kuona gizani.

Mama mkwe wangu anakaa Mkata, upande wa Handeni, na kila mavuno alitutumia kikapu cha karanga na kifurushi cha ufuta kwa lori linalopanda huku. Nilikuwa napokea kikapu kwa shukrani nyingi, kisha nakipeleka dukani nabadili kwa sabuni ya mche. Yaani nilichukua chakula nikakifanya povu, nikaoshea mikono. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata mjinga wa kunizidi.

Usidhani mafuta yalikosekana nyumbani. Yalikuwepo. Ya taa yalikwenda kwenye utambi. Ya cherehani yalikwenda kwenye cherehani, tone kwa tone, kila asubuhi kabla sijatia kitu kinywani. Ya nazi mke wangu alijipaka nywele na kumpaka mtoto miguu, maana mtoto aliyepauka ni aibu ya baba yake, na mimi aibu nilikuwa naijua. Ngozi ya nje ilipata. Ya ndani haikupata kitu. Na nyumba nyingi za hapa, tukiacha unafiki, ziko hivyo hivyo hata bila wazimu wangu: mtu anang'aa usoni kama chungu kipya, na mboga yake inaelea kwenye maji kama majani yaliyoanguka kisimani.

Ugonjwa ulinijia mwisho wa masika. Niliona mwanga wa taa umefifia, nikasema chemni imeshika moshi. Nikaisugua kwa majivu. Nikabadili utambi. Nikamlaumu mwenye duka kwa kuchanganya mafuta ya taa na maji, tena mbele ya wateja wake. Kila jioni nilisugua kile kioo, na kila jioni giza likaingia mapema kuliko jana, na mimi nikazidi kuwa hodari wa kusugua.

Kisha macho yakaanza kukauka. Kufumba na kufumbua kulikuwa kama kuvuta mlango uliokwama. Asubuhi nilihisi mchanga ndani, nikikosha hakuna mchanga. Ngozi ya viwiko na mapaja ikatoka vipele vidogo vigumu, ukipitisha mkono ni msasa mtupu. Kitambaa chepesi kilikuwa kinanasa kwenye ngozi yangu nikikikunja. Mimi niliyekimbia mafuta nisiharibu nguo, sasa nilikuwa nazivuta nyuzi kwa ukavu.

Msikitini, sala ya magharibi, niliingia nikakanyaga mkono wa Mzee Kombo aliyekuwa amekwisha kaa. Akanong'ona kwa sauti ya kusikiwa na safu mbili, "Leo fundi anakanyaga, kesho atapiga pasi." Nikasema nilikuwa na haraka. Toka hapo nikawa nasali magharibi nyumbani, na watu wakasema najiona.

Mtoto wetu Zaina alikuwa wa umri wa kukimbia kimbia na kuuliza kila kitu. Alikula na mimi. Ndiyo desturi niliyoikuta kwa baba yangu na niliipenda: mtoto mdogo anakaa upande wa kulia wa baba, anakula sinia moja naye, baba anamchagulia matonge. Mke wangu alikula jikoni. Sikujua, wala sikuuliza, kwamba alikula mara mbili. Kwanza jikoni kwangu, kwa adabu, halafu kwa Mama Joni, mke wa manamba mmoja, kibarua wa mkonge aliyetoka kusini, ambaye chungu chake kilinuka karanga mpaka barabarani.

Kipupwe kilipoingia Zaina aliacha kucheza jioni. Jua likianza kushuka alikuja kukaa kwenye mkeka, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kimya. Wageni walimsifu. "Ana heshima huyu mtoto!" Nami nikazipokea sifa. Mtoto amefungwa na giza, baba anasifiwa malezi.

Mama Zaina ndiye aliyeona. Jioni moja alisimama mbele yetu na kikombe cha chai.

"Baba Zaina, pokea."

Nikanyoosha mkono. Nikashika hewa. Nikanyoosha tena kushoto.

"Zaina, mama, pokea wewe."

Mtoto naye akanyoosha mkono kule kule nilikonyoosha mimi, akatafuta hewani kama anavua nzi.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, nikasikia kinagonga sakafu mbali kabisa na nilipodhani amesimama. "Nyie wawili mna ugonjwa mmoja," akasema. "Mimi naona. Kwa nini mimi naona?"

"Kwa sababu hushoni."

"Na Zaina anashona?"

Ndipo akaniambia kuhusu chungu cha Mama Joni. Sikusikia habari ya macho kabisa. Nilisikia kwamba mke wangu anakula kwa watu, kwamba mtaa mzima unajua nyumba ya fundi haina mboga ya kulika. Nilimwita mwizi. Mwizi wa nini, sijui mpaka leo, maana alichokula hakikuwa changu.

"Niue basi," akasema. "Lakini uje karibu kwanza, maana hapo ulipo hunioni."

Tulianza dawa, na hapa nawadharau wote, mimi nikiwa mbele ya msafara. Kwanza nilinunua matone kwa mchuuzi pale stesheni, kichupa cha bluu kisicho na maandishi. Yaliwasha kama pilipili. Mchuuzi alisema kuwasha ndiko kupona. Kila chenye kuumiza hapa kwetu kinapata heshima ya dawa. Halafu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaleta mtu wa kupuliza unga wa majani machoni, naye akasema tumetupiwa kijicho na wenye wivu na cherehani yangu. Hilo lilinifurahisha, na nakiri hivyo. Kuonewa wivu ni kuzuri kuliko kuambiwa umejinyima karanga. Nilimlipa kwa shati jipya, la mshono uliopitiwa mara mbili, akaondoka nalo akiwa haamini bahati yake.

Mke wangu aliposema twende hospitali sikuwa na ubishi uliobaki. Tulikwenda asubuhi na mapema, tukakuta benchi limejaa mpaka watu wamekaa chini ya ukingo wa bati. Anayetaka kuijua nchi hii na akakae benchi lile. Mtu wa mashine ya mkonge amefunga mkono kitambaa kilicholowa damu, ananiuliza kwa upole kama hiyo suruali yangu nimeshona mwenyewe. Bibi mmoja anatafuna tambuu na kutoa hukumu juu ya kila anayeingia.

"Wewe umekuja na nini?" akaniuliza.

"Shikamoo bibi. Macho."

"Marahaba. Macho yako mazuri. Makubwa."

"Jioni hayaoni, bibi."

"Jioni yatazame nini? Lala." Akamgeukia Zaina, akamshika kidevu. Utani ukamwisha usoni. "Huyu ana povu jichoni."

Nikainama kutazama. Kwa mwanga wa mchana, pembeni mwa weupe wa jicho la mwanangu, kulikuwa na doa dogo la kijivu, lenye povu povu kama sabuni iliyokaukia kwenye beseni. Mimi ninayeona uzi uliopinda nikiwa ng'ambo ya barabara, sikuwa nimeliona. Nilitoa leso nikataka kulifuta. Lilikuwa ndani ya jicho. Halikufutika.

Dresa, yaani yule msaidizi wa daktari aliyetupokea, alikuwa mtu mwembamba mwenye kanzu fupi ya kazi iliyoshonwa vibaya mabegani. Alitutazama macho, akatupitisha kwa daktari, tukarudishwa kwake na chupa ya mafuta ya samaki. Aliwapa watoto wote kwa kijiko kimoja, akikichovya kwenye maji ya moto kila mara. Zaina alimeza akatapika, akapewa tena. Mimi nilipokea kijiko kwa heshima zote. Yalinuka kama samaki waliosahauliwa kwenye behewa. Lakini yalitoka Ulaya, yalikuwa kwenye chupa yenye karatasi, na yaliitwa dawa. Basi yale ya nyumbani, yenye harufu ya karanga iliyokaangwa, niliyaita uchafu, na haya nikayalamba mpaka kwenye mdomo wa kijiko.

"Na nyumbani mle mafuta," akasema dresa. "Mboga za majani, mayai, maini mkipata. Ila mboga itiwe mafuta."

Nilisikia nilichotaka. Njiani mke wangu alisema atapita kwa Mama Joni kuazima karanga. Nikamwambia dawa tunayo, karanga za nini. Akasema dresa amesema. Nikamwambia dresa haoni hata mabega ya nguo yake.

Alisimama katikati ya njia. Ilikuwa mchana, namwona vizuri, na kwa hiyo nakumbuka uso wake.

"Baba Zaina, unataka mtoto apone au unataka kushinda?"

Nikatangulia njiani. Mtu anayelikimbia swali kama hilo amelijibu.

Kesho yake alimimina nusu ya chupa kwenye kichupa cha manukato, akaniachia nusu iliyobaki, akambeba Zaina mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. "Kaa na usafi wako," akaniambia. "Mtoto nakwenda naye kwa mama." Lori la Mkata liliwachukua. Nilibaki barazani nikanyoosha mikunjo ya kitambaa ambacho hakikuwa na mikunjo.

Ile nusu chupa ilinisaidia. Sisemi uongo. Kwa muda jioni ilirudi, nikaona tena taa ina ulimi, si wingu. Nikajipongeza, nikaandika barua ndefu ya majivuno ya kupeleka Mkata, kisha nikaichana kwa kuwa mstari wa tatu ulipinda. Nilikula mchicha wa maji, kisamvu cha maji, maharage ya maji. Chupa ikaisha. Nikaenda kuomba nyingine nikaambiwa hazijafika, nirudi. Nilirudi, nikaambiwa hivyo tena. Vuli ikaanza, mawingu yakafanya mchana ufanane na jioni, na mimi nikawa nashona saa chache za katikati kama mtu anayeiba nuru. Wateja walihama mmoja mmoja. Jicho la kushoto likawa jekundu, likauma, likashindwa kustahimili jua. Nilifunga kitambaa. Nilikipiga pindo vizuri sana kile kitambaa.

Maumivu yalipozidi nilirudi hospitali, dresa akakifungua. Aliita daktari, wakanitia dawa, wakanipa vijiko vya mafuta kutoka chupa iliyokuwa imefika asubuhi hiyo hiyo. Wakaniambia wazi kwamba kioo cha jicho kimeanza kuwa kidonda, na kikiendelea jicho litakwenda. Baadaye dresa alikaa karibu yangu kwenye benchi.

"Unakula nini?" akauliza.

Nikamweleza, na hata pale, jicho moja likiwa limefungwa, nilieleza kwa kujisifu. Chakula changu safi, kisicho na tone.

Alicheka. Si kicheko cha upole. "Cherehani yako unaitia mafuta?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Isipotiwa itakaza. Itakula nyuzi. Itakufa."

"Basi, fundi," akasema, akasimama kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilipewa dawa za kuendelea nazo na amri ya kurudi. Waliponiruhusu nilipanda lori la Mkata juu ya magunia ya chumvi, nimefunika uso kwa kitenge kama bibi harusi. Kila lori liliporuka shimoni nilijiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kwetu Wazigua mkwe hatazamwi usoni, wala mtu hali naye, wala hazungumzi naye ana kwa ana kama rafiki. Mama mkwe alizishika desturi hizo kwa nguvu, na sasa nadhani alizishika kwa raha, maana zilimpa njia ya kunitukana bila kunikosea adabu. Nilikaa barazani. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa miti, anasema na mbuzi.

"Ewe mbuzi," nikamsikia, "hivi kwenu Korogwe karanga zinafuliwa?"

Mbuzi hakujibu.

"Nauliza tu. Nimesikia huko kikapu cha karanga kinageuka sabuni. Nikasema uongo, mkwe wangu ni fundi, ana akili. Au siyo, mbuzi?"

Mama Zaina alikuwa anatwanga. Alinisalimu, akanitazama jicho, mchi ukakaa hewani kitambo. Hakusema nilivyostahili. Akaendelea kutwanga.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nitake kupanda tena lori nirudi. Wanawake wa Kishambaa wanaoshuka sokoni Korogwe huuza kweme, mbegu pana bapa zilizovikwa nyuzi ngumu, ndani zina kiini cheupe chenye mafuta mengi. Kwetu na kwao kweme ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua anapikiwa, apate nguvu na maziwa. Mwanaume haombi kweme kama asivyoomba kubebewa mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa ameiweka akiba kwa ajili ya binti yake mwingine aliyekuwa mjamzito. Jioni ile sinia lililetwa: bada, na mlenda uliotiwa kweme ya kutwanga, unang'aa juu kwa mafuta.

"Hii nini?" nikamuuliza mke wangu, ingawa harufu niliijua.

Kutoka nyuma ya ukuta mbuzi aliambiwa, "Mwambie mzazi wetu ale, chakula kisipoe. Tumuulize pia kajifungua nini, mume au mke?"

Majirani waliokuwa wamekuja kunijulia hali waligeuza nyuso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilikuwa nimekimbia jina la fundi wa kukaanga, sasa nilikuwa mzazi. Nilisukuma sinia.

Jua lilikuwa limezama. Mimi nilikuwa naona kijivu tu, na ndani ya kijivu hicho nikasikia miguu midogo inakimbia. Si kutambaa, si kupapasa. Kukimbia. Kuku akalia, miguu ikakata kona, ikazunguka kinu, ikapita kati ya mafiga.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Zaina," akasema mke wangu. "Anafukuza vifaranga waingie."

"Katika giza hili?"

"Si giza, Baba Zaina. Kumebaki mwanga kidogo. Sisi wote tunauona."

Mtoto akaja akakaa upande wangu wa kulia, anahema, ananuka moshi na karanga. "Baba, mbona huli?" Akachovya tonge lake kwenye mlenda ule. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nilikuwa nikimfanyia: akachagua tonge, akalichovya, akalileta mdomoni kwangu. Hakukosea. Mkono wake ulikuja moja kwa moja hadi midomo yangu, kwenye mwanga ambao mimi sikuwa nao.

Nilikula. Mafuta yalinishuka kidevuni yakadondokea shati langu jeupe, na sikuyapangusa.

"Ewe mbuzi," ikasema sauti ya nyuma ya ukuta, safari hii taratibu, "mzazi amekula. Kesho tutamwongezea."

Nilikaa Mkata hadi kiangazi. Asubuhi dawa ya hospitali, na siku za kurudi kwa daktari nilirudi bila kukosa. Mchana na jioni majani yale yale niliyoyala Korogwe, ila sasa na karanga, au ufuta, au kweme. Yai likipatikana tuligawana na Zaina. Kweme zina maganda magumu, visu vya nyumba ile vilikuwa butu, basi nikatoa mkasi wangu wa kazi, ambao sikuwahi kumruhusu mtu akatie hata kamba, nikawa nazipasua nyuzi zile barazani mbele ya wapita njia. Walisalimu, "Habari za uzazi?" Nikawajibu nzuri. Vipele vya mapajani vililainika kwanza. Kisha machozi yakarudi, machozi ya kawaida ya kulowanisha jicho, na nikalia kwa kufurahi kwamba naweza. Mwisho kabisa ikarudi jioni. Nilimwona mke wangu akiishika taa kabla hajaiwasha.

Kwa mwenye kusoma haya huku anapapasa ukuta: nenda hospitali, leo, na mpeleke mtoto kabla yako. Usinunue matone stesheni. Usimlipe mtu shati. Halafu tazama chungu chako. Tajiri na maskini hapa wanazo karanga, wanao ufuta, wana nazi kutoka bondeni, na wengi wanaviuza vyote ili wanunue vya kujipaka. Siwaheshimu. Nilikuwa mkuu wao.

Doa la jicho la Zaina lilififia likaisha. Langu halikuisha. Kidonda kilipona kikaacha alama nyeupe kwenye kioo cha jicho la kushoto, chini kidogo, ndogo kama kichwa cha pini, na hakuna sabuni ya mche itakayoitoa. Mzee Kombo ameiona, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Siku hizi mboga nyumbani kwangu haitoki jikoni bila karanga, ufuta au tui, na Mama Zaina ndiye anayeamua kiasi. Kikapu cha Mkata kikifika kinakwenda jikoni. Karibu na cherehani kuna beseni, sabuni na taulo. Nanawa, nashona. Jioni naona kwa jicho moja vizuri na kwa la pili nusu. Sindano ikianguka wakati wa magharibi, Zaina ndiye anayeiokota.